Maji ya Jumatano

Jumatano, 30 Oktoba

Naandika shajara hii kwa sababu fomu za ofisi zina nafasi ya tarakimu tu, na msimamizi wangu, Mhandisi Skalli, alinieleza siku ya kuagana kwamba mwajiriwa wa majaribio hupimwa pia kwa yale anayoyaona nje ya fomu. Nakusudia kuiambatisha na taarifa yangu ya mwisho. Kwa hiyo nitajitahidi kuwa mkweli na, inapowezekana, kuwa na mwandiko mzuri.

Mimi ni Tuda wa Ait Umdun, mhitimu wa shahada ya viumbe wa majini. Nimekabidhiwa kijito cha Tazegzawt kwa msimu mmoja wa zeituni, kuanzia leo hadi mwisho wa Januari. Taarifa zangu zikiridhisha, nitaajiriwa. Zisiporidhisha, nitarudi kumsaidia mama kuchuma.

Nimechagua vituo viwili. Cha juu kipo karibu na chemchemi, penye miti ya jozi. Cha chini kipo hatua mia mbili chini ya mtambo wa ushirika wa kukamua zeituni, ambao msimamizi wake ni ami yangu, Haddu. Nitajaza chupa kila Jumatano asubuhi, kwa kuwa hiyo ndiyo siku ya gulio: Bassu anapeleka watu mjini kwa gari lake, na chupa zangu, zikiwa ndani ya barafu, zinawahi basi la maabara.

Leo oksijeni iliyoyeyuka ni miligramu 9.6 kwa lita juu, 9.4 chini. Daraja la kwanza. Kijiji chote kilikuwa gulioni. Kijito nilikuwa nacho peke yangu.

Alhamisi, 31 Oktoba

Fomu inadai hesabu ya viumbe mara mbili tu, mwanzoni na mwishoni mwa msimu. Leo nimefanya ya kwanza, na nakiri kwamba nilisahau kula.

Niligeuza jiwe moja la kituo cha chini, kubwa kiasi cha mkate wa shayiri, nikalisuuza juu ya trei nyeupe. Kwa dakika nzima sikuona kitu zaidi ya mchanga. Kisha mchanga ukaanza kutembea. Wapo wadudu wenye mikia mitatu, bapa kama wamepigwa pasi, wanaolala juu ya jiwe ili mkondo uwapite mgongoni bila kuwang'oa. Wanaishi majini mwaka mzima ili waje kuruka siku moja. Wapo wenye mikia miwili, wakorofi wa oksijeni, ambao maji yakichoka kidogo tu hufa wa kwanza. Na wapo waashi: viluwiluwi wanaotoa hariri kinywani na kushonea changarawe, punje moja baada ya nyingine, hadi wapate kijumba mfano wa bomba wanachokivaa popote waendapo. Niliwahi kuwachora kwenye mtihani nikapata alama nzuri. Sikujua kwamba wanachagua. Mmoja alishika punje, akaizungusha kwa miguu ya mbele, akaitupa, akatafuta nyingine.

Aina ishirini na tatu kwenye jiwe moja nililokuwa nikikanyaga nikiwa mtoto.

Jumamosi, 2 Novemba

Chini ya mtambo kuna jiwe bapa ambalo Bibi Itto, mfumaji wa mazulia, amefulia sufu tangu mama yangu hajazaliwa. Leo alinikuta nimepiga magoti majini, akaniuliza kama nimepoteza hereni. Nilimweleza kazi yangu kwa kirefu. Alisikiliza huku akipigapiga sufu kwa rungu lake.

"Miaka mitatu chuo kikuu," alisema, "halafu wamekurudisha hapahapa nilipokuwa nakuogesha."

Nilimwonyesha mwashi kupitia lenzi. Alimtazama muda mrefu, kisha akataka kujua hariri hiyo anaitoa wapi na kama inakatika ikilowa. Nilipomwambia haikatiki, akasema basi huyo ni mfumaji, si mwashi, na wasomi wampe jina lake sawasawa.

Jumatano, 6 Novemba

9.6 na 9.5. Mvua bado.

Jumatatu, 11 Novemba

Mtambo umeanza. Kijiji chote kinanuka mafuta mapya, harufu ya kijani inayouma kooni. Ami Haddu alinikatia mkate, akaulowesha, akasimama kunitazama nikila kana kwamba yeye ndiye aliyeziotesha zeituni zote za bonde. Mtambo huu wa umeme una misimu miwili tu; kabla yake tulikuwa na jiwe la kusagia lililozungushwa na nyumbu. Sasa ushirika unaomba kibali cha kuongeza mashine ya pili, na kibali kinategemea daraja la kijito.

"Andika vizuri, binti ya kaka yangu," alisema. "Sikuambii uandike uongo. Nasema andika vizuri."

Nilimjibu kwamba kipimo hakina ndugu. Nililiona jibu hilo kuwa la kitaaluma sana.

Jumatano, 13 Novemba

9.6 na 9.3. Mvua bado. Kijito kimepungua upana kwa hatua moja.

Jumanne, 19 Novemba

Jioni nilirudi kwa waashi wangu kwa hamu tu, si kwa fomu. Kituo cha chini sikupata hata mmoja mwenye mikia miwili. Wenye mikia mitatu walikuwa wanne. Nimeandika sababu inayowezekana: baridi ya mapema. Sikwenda kuhesabu kituo cha juu ili kulinganisha, na sababu ya kutokwenda sijaiandika.

Jumatano, 20 Novemba

9.7 na 9.2. Tarakimu hazina wasiwasi. Kwa nini mimi niwe nao?

Jumapili, 24 Novemba

Bibi Itto amehamisha sufu yake juu, karibu na miti ya jozi. Kwa umri wake ni kupanda nusu saa na furushi mgongoni. Nilimuuliza kama jiwe lake limevunjika. Alisema kule chini sufu inashika harufu. Nilimfungulia daftari nikamsomea tarakimu zote, juma kwa juma. Alitikisa kichwa akicheka.

"Hayo maji yako ya Jumatano, mjukuu wangu, ni mazuri sana."

Nilimshukuru.

Jumatano, 27 Novemba

9.7 na 9.2. Mvua bado. Wazee wameanza kutazama mawingu wakiwa katikati ya mazungumzo.

Ijumaa, 29 Novemba

Juzi nilikuta mawe ya kituo cha chini yamefunikwa na nyuzi za kijivu, laini, zinazopepea mkondoni. Nimeandika katika taarifa ya mwezi wa kwanza: *mabaki ya sufu ya kondoo kutokana na ufuaji wa jadi; yanashauriwa kudhibitiwa.* Kisha nikaandika hitimisho, ambalo nililirekebisha mara saba: *Kijito cha Tazegzawt, katika msimu wa ukamuaji, kimebaki katika daraja la kwanza bila mabadiliko yanayostahili kutajwa.*

Jumatano, 4 Desemba

9.6 na 9.1. Taarifa imeondoka na gari la Bassu.

Jumatatu, 9 Desemba

Mhandisi Skalli amepiga simu. Alisema ni nadra kusoma taarifa ya mwajiriwa wa majaribio isiyohitaji kalamu nyekundu. Ataipeleka kwa mkurugenzi kama mfano, na faili la kibali cha mashine ya pili litafungwa kwa kutegemea taarifa hiyo ifikapo mwisho wa Januari. Nilimwambia mama. Alipika kuku.

Alhamisi, 12 Desemba

Nitaandika kwa utaratibu, jambo baada ya jambo.

Jana klachi ya gari la Bassu ilikatika kabla hajatoka kijijini, akaahirisha safari hadi leo. Nikaahirisha chupa. Saa mbili na nusu asubuhi nilikuwa kituo cha chini. Maji yalikuwa na rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni. Niliingiza kipima oksijeni. Kilisoma 1.8.

Nilidhani kimeharibika. Nilikisafisha, nikakirekebisha kama tulivyofundishwa, nikapima tena: 1.8. Nilipanda hadi kituo cha juu nikikimbia: 9.7. Nikashuka. 1.7. Nilikaa juu ya jiwe la Bibi Itto. Mtambo ulikuwa ukinguruma juu yangu, na kutoka tundu lake la nyuma mfereji mwembamba, mweusi, ulikuwa ukiteremka taratibu kwenye Tazegzawt. Ilikuwa merji, maji meusi ya zeituni yanayobaki mafuta yakishatengwa. Mfereji huo niliujua. Nilikuwa nimeuona mkavu kila Jumatano, nikauchora kwenye ramani kama mfereji wa mvua.

Bibi Itto alinikuta hapo akishuka na sufu yake. Alitua furushi. Nilimwonyesha tarakimu, ingawa hasomi.

"Jumatano watu wote wako gulioni," alisema. "Mtambo umelala. Tangu Jumanne adhuhuri wameshafunga, wanaoga, wanatafuta soksi. Unadhani mimi nilikuwa nafua sufu siku gani msimu wa zeituni uliopita? Jumatano hata maji huvaa jilaba safi."

"Mbona hukuniambia, bibi?"

"Nilikwambia. Ukanishukuru."

Nilimwomba msamaha, na nilipokuwa bado naomba nikakumbuka ile sentensi juu ya sufu. Nilimwambia na hiyo pia. Alijitwika furushi lake upya, akaiokota ncha ya nyuzi za kijivu kwenye jiwe, akaisugua kati ya vidole. Iliyeyuka ikawa ute. Akaniambia kwamba amefuma miaka hamsini na hajawahi kuacha sufu yake mtoni, na kwamba kitu hiki kinaota, hakikudondoshwa. Aliyasema kwa upole, na upole huo ulikuwa mzito kuliko matusi.

Ni kuvu na bakteria wanaoota pale maji yanapokosa pumzi. Ukurasa wa arubaini na moja wa kitabu changu cha mwaka wa pili. Nilipigia mstari.

Chupa za leo sikumpa Bassu. Nimezificha chini ya kitanda, nami sijui nazificha kwa ajili ya nani.

Jumamosi, 14 Desemba

Nilimwendea Ami Haddu mtamboni. Nilisema, mbele ya wachumaji waliokuwa kwenye foleni, kwamba uchafu wa mtambo unaua kijito. Nilichagua neno lisilofaa. Foleni nzima iligeuka kunitazama.

"Uchafu?" alisema. "Mti huu tunauapia. Tunampaka mtoto mchanga mafuta yake kabla hajanyonya. Merji si uchafu, Tuda. Zeituni haina uchafu. Kama chuo kikuu kimekufundisha neno hilo, kirudishie."

Watu wakacheka, si sana, kiasi cha kuniondoa pale.

Jumatatu, 16 Desemba

1.9.

Jumanne, 17 Desemba

Asubuhi 1.8. Mtambo ulifungwa adhuhuri. Saa kumi jioni 5.2.

Jumatano, 18 Desemba

9.1. Niliyatazama maji yaking'aa juu ya mawe yaliyokufa, nikaiandika tarakimu, na ilikuwa kweli tupu. Chupa husema kile inachokiona wakati wa kujazwa na haina kumbukumbu ya jana. Wadudu wanaoishi pale siku saba kwa juma walinipa habari hii tangu tarehe 19 Novemba, nami nikawaambia ni baridi.

Jumapili, 22 Desemba

Mvua bado. Nimeandika barua kwa Mhandisi Skalli nikaichana. Ajira yangu imesimama juu ya sentensi ile niliyoirekebisha mara saba.

Jumamosi, 28 Desemba

Leo nimeona kitu ambacho, hata nikifukuzwa kazi, nitashukuru kuwa nilikiona.

Nilikuwa nikikusanya vijumba vya waashi kituo cha chini, vingi vikiwa vitupu, ili angalau niwe na idadi ya waliokufa. Kimoja kilikuwa na rangi mbili. Nilikiweka chini ya lenzi juani. Upande wa nyuma, sehemu ya zamani, ulikuwa wa changarawe: nyeupe, za kijivu, moja nyekundu, zimebanana vizuri kama ukuta wa msikiti wetu. Kisha ghafla, kuelekea mlangoni, changarawe zikakoma, na kuanzia hapo kijumba kilijengwa kwa vipande vya kahawia vyenye kingo kali. Nilivigusa kwa sindano. Vilikuwa vigumu kama mti. Vilikuwa kokwa za zeituni zilizosagwa.

Mwashi hurefusha kijumba chake upande wa mbele tu, kadiri anavyokua. Kwa hiyo nyuma ni Oktoba. Pale rangi inapobadilika ni tarehe 11 Novemba, siku niliyolishwa mkate na mafuta mapya. Mbele ya hapo kuna milimita tatu za kokwa, kazi ya majuma mawili hivi, imeshonwa kwa uangalifu uleule, hakuna pengo hata moja. Halafu inaishia. Mwenye nyumba alikuwa bado ndani, amekauka.

Nilikaa na kijumba kile kiganjani hadi miguu ikafa ganzi. Mimi nilikuwa na vyombo vinne, shahada na daftari lenye mistari, nikaandika msimu mzima bila kuona. Yeye, asiye na macho ya kuona hatua mbili, aliandika yote, kwa mpangilio, akatia tarehe.

Jumatatu, 30 Desemba

Sikwenda mtamboni. Nilimwomba Ami Haddu ashuke yeye, naye alishuka kwa sababu Bibi Itto alimwita kwa jina la utotoni mbele ya wachumaji, akashindwa kukataa. Alifika amekunja uso. Nilimpa lenzi.

Mtu aliyekamua zeituni miaka thelathini hahitaji kuelezwa kokwa iliyosagwa. Aliitambua mara moja, hata akajua ni ya mashine mpya, kwa kuwa jiwe la nyumbu lilikuwa likisaga laini zaidi. Uso wake ukafunguka.

"Umeona?" akamwambia Bibi Itto. "Hata mdudu anajenga kwa zeituni yetu. Si nilisema ni baraka?"

Bibi Itto aliendelea kukamua sufu yake. "Muulize anaishi vipi humo ndani."

Nilikifungua kijumba kwa sindano, nikamwonyesha. Nilimweleza nyuma ni lini, mbele ni lini, na kwa nini ukuta uliishia hapo. Sikutaja uchafu. Nilisema: merji, ami, imemkuta nyumbani.

Alirudisha jicho kwenye lenzi akakaa nalo. Mtambo ulikuwa ukinguruma, na kwa mara ya kwanza nilimwona akiusikiliza kama mtu anayesikia mlango wake ukigongwa. Kisha akauliza, si mimi bali Bibi Itto, baba yake, marehemu babu yangu, alikuwa akimwaga wapi merji enzi za nyumbu.

"Kwenye shimo la mawe nyuma ya zizi. Ikikauka tunapaka milango, mchwa hawagusi. Mto haukuguswa hata na tone. Wewe ndiye uliyefukia shimo ukapanda vitunguu, Haddu."

Aliondoka bila kuaga. Kijumba alikuwa amekifunga ndani ya leso yake, na sikuthubutu kumdai.

Alhamisi, 2 Januari

Nimempigia Mhandisi Skalli. Nilikuwa nimeandika maneno ili nisigeuke. Nilimwambia kwamba tarakimu zote katika taarifa yangu ni sahihi na taarifa yenyewe si sahihi. Kwamba nilipima siku ambayo mtambo hulala. Kwamba naomba hitimisho langu liondolewe kwenye faili la kibali, na sentensi juu ya ufuaji wa sufu ifutwe kwa jina langu, kwa kuwa nilimsingizia mtu aliyejua kuliko mimi.

Nilimsikia akifunua karatasi.

"Taarifa hiyo mkurugenzi ameshaisoma, Tuda."

"Najua, Mhandisi."

Alisema atafikiri, akakata simu. Niliyoyasema hayarudi tena, na ajabu ni kwamba nilipata usingizi.

Jumanne, 7 Januari

Mvua. Imeanza alfajiri bila radi, mvua ya kweli, na wanawake wametoka kusimama barazani kuisikiliza tu.

Alhamisi, 9 Januari

Watu wanasema mvua imesafisha kila kitu. Haijasafisha: chini ni 3.0. Lakini nilipoweka wavu mkondoni kati ya vituo viwili, kwa robo saa, nilipata wenye mikia mitatu kumi na wanane, wenye mikia miwili watano, na waashi watatu wadogo wenye vijumba vya changarawe tupu. Wanashuka. Wanajiachia kutoka chini ya miti ya jozi na kubebwa kuja kwenye mawe yaliyokufa, kana kwamba hawajasikia habari zake, au wamesikia. Hakuna aliyewatuma. Kijito kinajaribu kujaza upya nyumba zake, kila saa, hata leo mtambo ukiwa unanguruma. Kinachohitajika kwetu ni tuache kuwaua wanaofika.

Nilipokuwa nikiwahesabu, simu ililia. Mhandisi Skalli alisema faili la kibali limesimamishwa. Kuhusu ajira yangu hakusema lolote, nami sikuuliza. Alisema atakuja mwenyewe kuona, pamoja na vyombo vya ofisi, na kwamba Jumatano ijayo ingemfaa kwa sababu siku hiyo barabara ina magari.

"Samahani, Mhandisi," nilisema. "Siku yoyote, isipokuwa Jumatano."

Nilikwenda kumwarifu Ami Haddu, kwa kuwa ni haki yake kujua. Nilimkuta nyuma ya zizi la zamani, suruali imekunjwa, amesimama ndani ya kitalu cha vitunguu na sururu. Alikuwa amefika kwenye mawe ya kwanza ya shimo. Nilimwambia kwamba akitaka anaweza kufunga mtambo siku ya ugeni, sheria haimkatazi.

Aliegemea sururu. "Nifagie nyumba mgeni akija, kama mke wa mtu mwongo? Mtambo utafanya kazi kama siku zote. Aone." Kisha, akiwa ameshainama tena: "Mwambie avae viatu vya matope. Na yule mdudu ninaye mimi. Nitakuja naye."

Bibi Itto amesema atashusha sufu yake chafu, afue nusu juu na nusu chini, mhandisi anuse mwenyewe.

Nimempigia tena Mhandisi Skalli nikamrudia siku na saa mara mbili, naye akaziandika: Alhamisi, tarehe 16 Januari, saa nne asubuhi, kwenye jiwe la Bibi Itto, chini ya mtambo.